Mlio wa Pili

Niseme mapema kwamba mimi ile mashine sikuielewa. Nimekaa nayo jirani muda wote iliokuwapo, nimewapikia waliokuwa wakiifanyia kazi, nimeelezwa kwa mdomo, kwa mikono na hata kwa chungwa, na bado. Ukifika mwisho wa habari hii ukawa umeielewa, mimi siku hizi niko Bwera, magharibi ya Uganda, ulizia Ronah wa chakula. Njoo unieleze, chai juu yangu.

Lakini ninayetaka kumsimulia si mashine, ni wifi yangu Yayeri, mke wa kaka yangu Fred. Yayeri si mtu wa kutazamwa. Ukipishana naye njiani kule Karambi, jembe begani, hutageuza shingo. Ni mrefu, ana maneno machache, na hutembea ameinama mbele kidogo kama mtu anayepanda mlima, hata akiwa kwenye tambarare. Alizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, na Kilembe ukitoka mlangoni ama unapanda ama unateremka mtoni. Fred alipomleta kwetu tulimcheka mwendo huo. Naye alitutazama tu, akaendelea kupanda mlima wake usiokuwapo.

Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya Mto Nyamwamba, ule unaopita Kilembe, malori yalikuja kwenye uwanda ulio karibu na Kinyamaseke, yakashusha nguzo. Nguzo nyembamba, zikasimamishwa kwa mistari kama miti ya kutambazia maharage, na waya juu yake. Tukadhani ni umeme, tukafurahi. Haukuwa umeme. Tukadhani ni mnara wa simu, tukafurahi kidogo. Haukuwa mnara wa simu. Mhandisi wao, kijana mmoja mpole anayeitwa Tibenderana, alikuja kula kwenye kibanda changu pale senta ya Kinyamaseke, nikamuuliza mbele ya watu. Akasema ni rada. Ya nini? Ya kutazama upepo wa bahari.

Nikamuuliza bahari gani. Sisi tuna Ziwa Edward, tuna mito, tuna barafu juu ya mlima ambayo kila mwaka wanasema inapungua. Bahari iko Mombasa, na kutoka hapa hadi Mombasa mtu anabadilisha basi mpaka anasahau alikuwa anakwenda kufanya nini.

Tibenderana alichukua chungwa mezani. Akalirusha juu, likagonga bati la paa, likateremka upande wa pili wa meza, karibu liingie kwenye mchuzi wa mteja. Akasema, "Umeona, mama? Mawimbi ya rada yanapanda hivyo. Juu sana kuna tabaka la hewa, ni kama bati. Yanagonga pale, yanashuka baharini, yanakuta mawimbi ya maji, yanarudi kwa njia ile ile. Tukisoma yaliyorudi, tunajua upepo wa bahari unavuma kwenda wapi na una nguvu gani. Upepo huo ndiyo unaleta mvua huku."

Nikamwuliza, "Na hapa katikati, juu ya meza?"

"Hapa katikati hatuoni kitu. Inaruka."

"Kwa hiyo Mombasa munaona, Kasese hamuoni."

Akafikiri. "Ndiyo, mama. Iko hivyo."

Nikamwambia aokote chungwa langu.

Yayeri alipata kazi pale. Kufyeka majani chini ya waya, kufukuza mbuzi, kufagia kontena walilogeuza ofisi, na mhandisi akiwa hayupo, kutazama taa: ikiwa ya kijani aendelee na kazi zake, ikiwa nyekundu apige simu. Aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Na kwa kuwa ni mtu asiyeachia jambo likishaingia kichwani, alianza kunisumbua nayo. Tunaosha vyombo, ananiuliza, "Wifi, mutu anawezaje kuona mbali na asione karibu?"

"Macho ya uzee," nikamwambia. "Wanapimwa Kasese, wanapewa miwani."

Hakucheka. Sikujua wakati ule kwamba hakuwa anauliza kwa ajili yake. Alikuwa anamuulizia baba yake, anayekaa Kilembe kando ya mto.

Baba yake ni Mzee Masereka, mtoto wa tatu wa kiume kwao kama jina hilo linavyosema kwetu Wakonzo, na mtu wa mgodini toka ujana mpaka shaba iliposimama. Mgodi ulifungwa zamani, wenzake wakaondoka, yeye akabaki kwenye nyumba yake ya mwisho wa laini, ile safu ya nyumba za wachimbaji, karibu na mto kuliko wote. Jirani yake ni Mama Aryemo, mjane wa mchimbaji aliyetoka kaskazini, Acholi. Laini yote ilikuwa hivyo, watu wa kila upande, ndiyo maana nyumbani kwa akina Yayeri walikua wakisema Kiswahili cha mgodi kuliko Lhukonzo, lugha yetu, na Fred bado anamtania kwa hilo.

Kuna jambo moja la mgodini ni lazima ulijue, la sivyo habari yote itakupita. Kulikuwa na king'ora. Walipotaka kulipua mwamba kililia mara ya kwanza, maana yake baruti inakuja, acha ulichoshika, toka. Kilipolia mara ya pili, maana yake baruti imelala, rudi ulipotoka. Basi. Mtu hatoki kabla ya mlio wa kwanza, kwa sababu wapo waliotoka kwa akili zao wakakutana na mlipuko wa upande wa pili. Na mtu harudi kabla ya mlio wa pili, kwa sababu hiyo hiyo. Katikati ya milio miwili unakaa ulipoambiwa ukae, na humuulizi mtu kitu. Mzee Masereka aliwalea watoto wake kwa sheria hiyo. Yayeri aliwahi kuniambia kwamba utotoni hata kuitwa kula kulikuwa na mlio wa kwanza na wa pili, kijiko kwenye sufuria.

Mafuriko makubwa yalipokuja, mzee alitoka mwenyewe. Aliusikia mto unasaga mawe, akatazama, akamwita Mama Aryemo, wakapanda hadi uwanja wa kanisa. Maji yakala jiko lake na mbuzi, nyumba ikapona. Yayeri alimsihi ahamie kwetu Karambi. Fred naye akaenda kumsihi. Akakataa. Alisema kila mtu ana mahali pake.

Halafu akasikia kwamba binti yake ameajiriwa mahali wanapotazama upepo na mvua.

Sisi tulidhani atajivuna kidogo kama baba yeyote. Kumbe alikwenda nyumba hadi nyumba akawaambia watu wa laini, "King'ora imerudi. Mutoto yangu ndiyo iko anakikalia." Akatundika simu yake ndogo kwenye msumari wa dirisha, mahali pekee penye neti ndani ya nyumba ile, akaweka gambuti zake na kofia yake ya mgodi chini ya dirisha, akatulia.

Yayeri hakujua. Jumapili moja baada ya ibada alimpigia baba yake, kumsalimu tu na kumuuliza hali ya goti. Simu iliita mpaka ikakata, mzee hakupokea. Alingoja kidogo, akampigia Mama Aryemo. Mama Aryemo akapokea akihema.

"Yayeri, maji iko wapi?"

"Maji gani, mama?"

"Baba yako ametupandisha sisi yote kwa kanisa. Mimi niko na godoro kwa kichwa. Umepiga king'ora, sasa maji iko wapi?"

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikaketi chini. Mzee hakuwa amepokea simu kwa sababu king'ora hakipokelewi, king'ora kinatiiwa. Na mchana kutwa alikuwa amewakalisha wale watu uwanjani wakingoja mlio wa pili, nayo simu iko chini, kwenye msumari, hata ingelia nani angeisikia? Watu walipochoka wakashuka zao, yeye akashuka wa mwisho, amenuna. Toka siku ile aliifunga simu kwa kamba ya kiatu akaivaa shingoni, ili siku nyingine mlio wa pili usimpite.

Tulikwenda Kilembe, mimi na Yayeri, kumweleza. Tulimkuta nje, gambuti miguuni na jua lote lile. Yayeri akakaa chini mbele yake.

"Baba, ile mashini haioni huku. Inaona bahari. Huku inaruka."

"Nasikia."

"Mvua ya hapa, ya mlima, haiijui kabisa."

"Nasikia, mama. Hata yule wa king'ora hakukuwa anakaa ndani ya shimo. Alikuwa anakaa juu, mbali. Mutu ya kuangalia anakaa mbali."

Yayeri alinitazama nimsaidie. Mimi nitamsaidiaje, nami nina chungwa tu kichwani? Nikasema Mzee, mashine hii ni ya Mombasa. Akaniuliza kama mvua haitoki Mombasa. Ilibidi nikubali, kwa sababu Tibenderana alisema inatoka huko huko.

Basi Yayeri akamwomba Tibenderana mwenyewe aende. Kijana wa watu akaenda, nami nikamsindikiza, na heshima zote akachora ukutani kwa mkaa: huku rada, kule bahari, juu tabaka, na mstari unaopanda na kushuka. Kilembe akaiweka katikati, chini ya mstari, akaipigia duara. Mzee akatazama sana.

"Upepo ya bahari ndiyo inaleta mvua?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mvua ndiyo inaleta mto?"

"Ndiyo, lakini si kila—"

"Na nyinyi munaona upepo."

"Tunaona, lakini Mzee, sikiliza—"

"Asante, afande," mzee akasema, akampa mkono.

Tulirudi mpaka Kasese mjini. Hapo Tibenderana akaniuliza, "Mama Ronah, nimekosea wapi?" Nikamwambia asiniulize mimi.

Sasa hapa ndipo nilipoacha kucheka. Yayeri aliacha kumpigia baba yake. Angepigaje? Kila salamu ingepandisha laini nzima mlimani na magodoro, na watu wakipandishwa bure mara mbili tatu, siku ya kweli hawapandi. Salamu zikapitia kwa Mama Aryemo. Na Mama Aryemo ndiye aliyemwambia neno lililomnyima usingizi. Alisema, "Zamani ikinyesha, baba yako alikuwa anatoka anaangalia mto. Sasa hatoki. Anavaa gambuti, anakaa kwa kitanda pale kwa dirisha, anaangalia simu. Namwambia mzee mto inapiga kelele, anasema simu haijalia."

Yayeri alinisimulia hayo akiwa anafyeka, hakusimamisha mkono. Akasema, "Wifi, kabla ya kazi hii alikuwa anaona. Mimi ndiyo nimemfunga macho."

Nilikasirika. Nilimwambia aiache kazi. Akasema akiacha, mzee hataamini, atasema mtoto amebadilishiwa zamu, na ataendelea kungoja. Nikafikiri nikaona ni kweli. Nilikasirika zaidi, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Mashine ilikuwa nzuri, kijana alikuwa mzuri, mzee alikuwa na adabu kuliko wote, na bado mtu alikuwa anakaa ndani ya nyumba kando ya mto akingoja bahari imwambie atoke.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili, mchana. Nilikuwa nimewapelekea chakula kwenye kontena, bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki. Tibenderana alikuwa na furaha, akaniita nitazame kioo cha kompyuta. Niliona rangi, kijani na bluu, kama kitenge kilichochujuka.

"Bahari imelala leo," akasema. "Sijawahi kuiona imetulia hivi. Upepo hakuna kabisa."

Nikasema hongera, kwa sababu sikujua ni lipi lingine la kusema.

Nje jua lilikuwa linatukaanga. Nilimkuta Yayeri amesimama katikati ya waya, fyekeo mkononi, mgongo amenipa. Nikamwita chakula kinapoa. Hakugeuka. Akanyoosha fyekeo kuelekea kaskazini, na mimi nikatazama. Mlima haukuwapo. Kwetu hapa mlima hujificha kila siku, lakini si vile. Upande wa Kilembe palikuwa peusi toka juu mpaka chini, weusi wa sufuria ya kuni, na ndani yake mwanga ulikuwa unapita bila sauti.

Yayeri alimkimbilia Tibenderana, akamuuliza Kilembe kukoje. Yule kijana akatazama kioo chake, akamtazama yeye. "Siwezi kujua, mama. Kilembe tunairuka."

Yayeri akampigia Mama Aryemo. Hapatikani.

Tulisimama chini ya zile waya zao, naye ameshika simu kama kitu cha moto. Akasema, "Nikipiga na maji isikuje, mara nyingine hawatapanda. Nisipopiga..."

"Piga," nikamwambia.

"Mashini haijasema kitu. Imesema bahari imelala."

"Mashini iko Mombasa. Weye uko hapa, na macho iko kwa uso yako. Piga."

Alipiga. Nilisikia ikiita. Iliita, ikaita, ikaita, mpaka ikakata yenyewe. Mzee hakupokea.

Tukatazamana. Sijui kama umewahi kusikia simu ya mtu wako inaita hivyo na kule anakokaa kumefunikwa. Huwezi kujua kama ametoka, au amelala, au maji yameshafika kwenye kitanda na simu inalia ndani ya maji. Mwili wangu wote ulikuwa unasema jambo moja, nikalisema kwa mdomo.

"Piga tena."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kikabaki pale. Halafu Yayeri akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona: alichuchumaa, akaiweka simu chini kwenye majani, taratibu, kama anayeweka yai, akaondoa mkono.

"Ya pili ni ya kurudi," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Kama ametoka, kama sasa hivi yuko njiani anapanda na simu shingoni, basi mlio mwingine ungemgeuza, angeshuka kurudi ndani ya nyumba, na wale wote nyuma yake. Nikatoa simu yangu kwenye sidiria, nikasema basi nimpigie mimi, nimuulize tu. Yayeri alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Simu ni simu. Hataangalia ni ya nani."

Tibenderana alitutafutia boda. Tulipanda wawili nyuma ya dereva mmoja mpaka Kasese. Mjini tulikuta watu wamesimama vikundi vikundi, wanasema mto umejaa, njia ya Kilembe imekatika mahali. Fred akampigia Yayeri pale pale. Alikuwa amesikia redioni, akasema ngoja nijaribu kumpata mzee. Sijawahi kumsikia Yayeri akimpandishia mume wake sauti, kabla wala baada.

"Usimpigie! Fred, mimi nakwambia, usimpigie. Ambia kila mutu asimpigie."

Fred hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Lakini hakupiga, na kwa hilo namsamehe mengi.

Njia ilipokatika tulishuka tukapanda kwa miguu, kwenye matope, tukizunguka kwa juu. Mvua ilikuwa inapungua, lakini mto ulikuwa unasema. Mawe yanagongana ndani ya maji, unayasikia kwenye meno. Yayeri alitembea mbele yangu ameinama, mwendo wake ule ule tuliomcheka, na kwa mara ya kwanza ulikuwa mahali pake. Simu alikuwa ameifunga ndani ya leso kiunoni. Mara kwa mara mkono ulikwenda pale, ukarudi. Mimi niliona jinsi ulivyokuwa unamuuma. Kitufe kimoja tu, akikibonyeza angejua, na kukibonyeza ndiko kungemuua baba yake.

Wa kwanza tuliyemwona ni Mama Aryemo, kwenye ukingo wa uwanja wa kanisa, godoro lake lilelile miguuni.

"Tulipanda," akasema. "Bengine walikataa, walisema mzee ameanza tena. Halafu waliona yeye anapanda bila kuangalia nyuma, wakafuata. Yote iko hapa."

Mzee Masereka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, gambuti miguuni, kofia ya mgodi kichwani, simu kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimwona binti yake akija, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu wa kazi anayemwona mwenzake wa kazi.

"Uliona mapema," akasema. "Hiyo mashini ni kali."

Yayeri alilia. Alilia amesimama, mikono imening'inia. Kisha akasema, na mimi nilitamani asiseme, nilitamani aiache hivyo hivyo: "Baba, mashini haikuona kitu. Bahari ilikuwa imelala. Ni mimi tu niliogopa."

Mzee alilifikiria jambo hilo. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ukingo wa kofia.

"Hata yule wa king'ora alikuwa anaogopa," akasema. "Ndiyo kazi yake ile."

Akasogea kidogo kumpa Yayeri nafasi kwenye ngazi. Walikaa. Mvua ikakatika kabisa, watu wakaanza kuteremka mmoja mmoja kutazama. Mzee hakuinuka. Akasema, "Sasa piga ya pili, tushuke."

Kutoka pale kwenye ngazi nyumba hazionekani, kuna bega la kilima. Mimi nikasema ngoja nichungulie. Nilishuka mpaka kwenye bega, nikatazama. Laini ilikuwapo, imelowa, imejaa matope, lakini ilikuwapo. Mwisho wa laini ndio ambao haukuwapo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai na mawe makubwa meupe, mapya, yamekaa mahali pa nyumba ya Mzee Masereka kama yanayongoja kukaribishwa. Hata msumari wa simu sikuona ungekuwa wapi.

Nilirudi juu. Yayeri alinitazama, nikatikisa kichwa. Alikuwa tayari amefungua leso, simu iko mkononi, jina la baba yake liko kwenye kioo. Alilitazama. Akaifunga tena simu ndani ya leso.

"Bado, Baba," akasema.

"Bado?"

"Bado kidogo."

Mzee akakubali, akaketi vizuri.

Kesho yake tulimleta Karambi. Mtu aliyekataa maombi ya miaka yote aliingia kwenye gari mwenyewe. Yayeri alimwambia tu kwamba wanaongoja mlio wa pili wanangojea kwetu. Hakuulizia kitu chake hata kimoja.

Mradi haukudumu. Baada ya muda malori yalirudi, yakang'oa nguzo. Tibenderana alikuja kuniaga. Akasema kwamba lile bati la juu, lile tabaka, la upande wetu huu wa dunia lina fujo sana, jua likizama linapasuka vipande vipande na mawimbi yanapotea, na kwamba hata yeye sasa hajui ni mangapi kati ya aliyoyaona yalikuwa bahari. Nilimpa machungwa ya njiani. Nilimhurumia kwa kweli, maana alikuwa amefika mahali nilipokuwa mimi toka mwanzo.

Mzee Masereka aliposikia mashine imeondoka alimwita Yayeri. Akasema, "Wamechukua mashini. Sasa nani atapiga ya pili?"

"Mimi niko, Baba."

"Basi nangoja."

Na anangoja. Anakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba ya Fred, simu shingoni kwa kamba ile ile, anaichaji kila siku kwangu. Namba yake tunayo sote, na hakuna anayeipiga. Ukimtaka mzee unakuja kwa miguu. Yayeri huifungua simu yake mara nyingine akiwa peke yake, nimemwona, anatafuta jina lile, analitazama, anairudisha kiunoni. Nikamuuliza, "Wifi, huyu baba yako anajua nyumba imeenda, au hajui?" Akasema hajui. Nikamuuliza nani hajui, yeye au mzee? Akasema, "Sijui, wifi." Mama Aryemo alipokuja kututembelea alisahau, akasema mbele yake kabisa kwamba yale mawe meupe watoto wanayatumia kuanikia nguo. Mzee akamsogezea mchuzi.

Juzi jioni nilimpelekea simu yake, imejaa chaji. Akaivaa, akaipapasa, akaniuliza kama neti iko. Nikamwambia iko Mzee, neti imejaa.

"Vizuri," akasema. Akatazama upande wa Kilembe, ambako kama kawaida mlima ulikuwa umejificha. "Ambia Yayeri asifanye haraka."